Mchochota si uvimbe

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ile dawa ya uvimbe. Magoti hayanilazi."

Kijana wa duka la dawa alimhesabia vidonge kumi vya diklofenaki, miligramu 50 kila kimoja, akaandika 1×3 juu ya bahasha ndogo na kumkabidhi. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi huyo kwenye foleni, na kilichonishtua ni miguu yake. Ilikuwa imejaa kuanzia vifundoni, hata mikanda ya kandambili imezama. Tulipotoka nje nikamuuliza kama ana maradhi mengine. Akanieleza kwamba anatumia dawa ya presha, na kidonge kingine kidogo cha kukojoza, maana daktari alimwambia moyo wake umechoka. Nikamsihi asimeze vile vidonge kumi mpaka arudi kliniki. Alinitazama kwa mshangao. Hii si dawa ya uvimbe? Na miguu yake si imevimba?

Kwa Kiswahili alichopewa, bibi alikuwa na hoja kamili.

Lugha yetu ya hospitali imelitwika neno uvimbe mizigo mingi mno. Fundo linaloota kwenye kizazi ni uvimbe. Maji yanayojaa miguuni mwa mtu mwenye moyo au figo dhaifu ni uvimbe. Goti lililowaka likawa la moto na lisilogusika, nalo lina uvimbe. Haya ni mambo matatu yasiyo na undugu, na dawa inayosifiwa kwamba hupunguza uvimbe inahusu lile la tatu tu. Kwa lile la pili ni hatari. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao huifanya figo izuie chumvi na maji mwilini, kwa hiyo miguu iliyojaa huzidi kujaa, presha hupanda, na moyo uliochoka huongezewa mzigo. Zaidi ya hapo, dawa hizi zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na aina fulani za dawa za presha, figo inaweza kusimama kazi. Madaktari wanauogopa sana mkutano huo wa dawa tatu, na bibi wa foleni alikuwa hatua moja tu kuufikia. Tafsiri mbaya ya neno moja ilimfikisha hapo.

Basi dawa hizi zinatuliza nini hasa? Katika karne ya kwanza, Mroma Aulus Cornelius Celsus alikieleza kitu hicho kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni mmoja kati ya nne. Kuliita jambo zima kwa dalili yake moja ni kama kuiita malaria kutetemeka. Kilatini kililipa jambo hilo jina linalotokana na mwali wa moto, na lugha za Ulaya zikalirithi.

Sisi tuliingia kwa mlango mwingine kabisa. Maradhi ya viungo tuliyaita baridi yabisi. Yabisi kwa Kiarabu ni kavu, na jina zima linatoka katika tiba ya kale iliyoyapanga maradhi kwa joto na ubaridi, ukavu na unyevu. Wao wakaona moto, sisi tukaona baridi kavu. Jina la baridi yabisi lina heshima yake, nami silipingi, kwa kuwa mgonjwa anapoamka asubuhi vidole vimekakamaa kama kuni ndivyo hasa anavyojisikia. Ila haliwezi kutusaidia kuieleza dawa. Huwezi kumwambia mtu kwamba kidonge hiki huondoa ubaridi.

Neno ninalolitetea ni mchochota. Kuchochota ni kuuma kwa kuchomachoma, na anayelisikia neno hili kwa mara ya kwanza hukaribia maana yake kabla hajafafanuliwa. Waandishi wa tiba wamekwisha kulitumia. Wapo wanaoandika mchochota wa ini pale ambapo wengi husema homa ya ini. Halina mzigo wa fundo la kizazi wala wa maji ya miguuni. Mchochota ni kazi ya ulinzi ya mwili: mahali palipoumia au palipovamiwa, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji na chembe nyeupe za damu humiminika hapo, pakapata joto, pakavimba, pakauma. Kazi hiyo ikimalizika vizuri, kidonda hupona. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando wa ndani wa viungo vyake yenyewe, na mchochota ukawa hauna mwisho. Katika jongo, vijiwe vidogo vya asidi ya yuriki huuamsha ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu.

Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na kwa zaidi ya miaka 70 watu waliimeza bila kujulikana inafanyaje kazi. Mwaka 1971 John Vane, akifanya utafiti London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za aina yake huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Prostaglandini ndizo hupuliza moto wa mchochota na kuifanya neva ihisi maumivu zaidi. Lakini hizohizo zina kazi za heri mahali pengine. Tumboni huulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake. Kwenye figo huiweka wazi mishipa inayoleta damu. Kidonge hakijui goti liko wapi. Kinapita mwilini kote na kuzima kila mahali, palipowaka na palipokuwa pakipika chakula kwa utulivu.

Ukilielewa hilo, maonyo yote ya kwenye kikaratasi cha dawa hupata sababu. Vidonda vya tumbo, kutapika damu, choo cheusi kama lami: huo ni ukuta wa tumbo ulionyang'anywa ulinzi wake. Hapo pia unavunjika usemi ninaousikia kila siku, kwamba mwenye vidonda vya tumbo achomwe sindano ya diklofenaki badala ya kumeza. Kumeza baada ya chakula kunapunguza kichefuchefu, na sindano inalikwepa koo, lakini dawa ikishaingia kwenye damu huufikia ukuta wa tumbo vilevile. Mwenye vidonda anahitaji daktari amchagulie dawa nyingine, au amwandikie ya kulilinda tumbo, kama omeprazoli, sambamba na hiyo.

Kuhusu figo, kuna kisa kinachonikaa akilini. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa Pakistan walieleza kwa nini tumbusi wa Bara Hindi walikuwa wakiangamia. Ndege hao walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, figo zao zikaacha kufanya kazi, wakafa. Mwaka 2006 India iliizuia dawa hiyo kwa mifugo. Figo ya binadamu haiharibiki kwa kidonge kimoja kama ya tumbusi, lakini mzee, mwenye kisukari, mwenye presha, au mtu aliyeharisha na kupungukiwa maji, figo zake hutegemea prostaglandini hizo kuliko za kijana mzima.

Na kuna moyo. Dawa ya familia hii iitwayo Vioxx, iliyotengenezwa makusudi ili isiumize tumbo, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, ina hatari ya moyo inayokaribiana na ya dawa za kundi hilo la Vioxx.

Sasa turudi kwenye majina, tuanze na jina la familia nzima ya dawa hizi. Kwa Kiingereza huitwa kwa kifupisho cha herufi tano, NSAID, na wanaokitafsiri kwa ukamilifu huandika dawa zisizo za steroidi za kupunguza uvimbe. Jina hilo linaanza kwa kusema kitu ambacho dawa hizi sizo. Lina historia yake: mwaka 1948 Philip Hench wa Marekani alianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi kotisoni, ambayo ni steroidi, dunia ikashangilia, kisha madhara ya steroidi yakajitokeza, na dawa nyingine zikataka kujitenga nazo. Ni haki kwa wanahistoria kulihifadhi jina hilo. Mama anayenunua dawa Kigoma au Malindi halimsaidii chochote.

Kiswahili kina kiwanda kizuri cha majina ya vitu kutokana na kazi zake: kipimajoto, kipazasauti, kiuavijasumu. Kwa mtindo huo napendekeza kitulizamchochota, kwa wingi vitulizamchochota. Nimechagua kutuliza kwa makusudi. Kiuavijasumu huua mdudu na ugonjwa ukaisha. Kitulizamchochota hakiui chanzo chochote. Gegedu iliyosagika haioti upya kwa sababu ya diklofenaki, na kinga iliyogeuka haigeuki tena kwa sababu ya ibuprofeni. Mwenye baridi yabisi ya kweli anahitaji dawa za kuituliza kinga yenyewe, kama methotreksati, na kila mwezi anaoupoteza kwa kununua vituliza peke yake ni mwezi ambao viungo vinaliwa. Ukiona vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vina joto, na ukakamavu wa asubuhi unapita saa nzima, usiende dukani, nenda hospitali. Goti lililosagika kwa umri au uzito lina tabia nyingine: huuma unapolitumia na hutulia ukipumzika. Kwa goti la namna hiyo, dawa ya kupaka ya diklofenaki ijaribiwe kabla ya kidonge, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito hufanya kazi ambayo paketi haiwezi kuifanya.

Jina sahihi lingetuokoa na kosa jingine pia. "Dawa ya maumivu" huchanganya parasetamoli na vitulizamchochota, ilhali parasetamoli si ya familia hii: hupunguza maumivu na homa, lakini mchochota haiugusi kwa kiasi cha maana. Mtu humeza Brufen, yaani ibuprofeni, asubuhi na diklofenaki jioni akidhani amebadilisha dawa, kumbe ameongeza ya familia ileile kwa jina jingine. Au hununua kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, kisha akaongeza Panadol, ambayo nayo ni parasetamoli, juu yake. Kitulizamchochota ni kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache zinazotosha. Diklofenaki ya kumeza haipaswi kupita miligramu 150 kwa siku, na 1×3 ya bibi wa foleni ilikuwa tayari imegusa ukingo huo. Mjamzito asiiguse kuanzia wiki ya 20 ila kwa amri ya daktari.

Wapo watakaosema neno langu ni refu na geni. Nawakumbusha chikungunya. Mwaka 1952, katika uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa uliowakunja watu kwa maumivu ya viungo, na Wamakonde wakauita kwa neno la lugha yao lenye maana ya kupindika. Leo madaktari wa Brazili na Ufaransa hulitamka neno hilo bila kulitafsiri. Ugonjwa huo una somo lake katika mada hii: hufanana na homa ya dengue na huenezwa na mbu walewale, na dengue inaweza kumtoa mtu damu. Kwa hiyo anayepata homa ya ghafla pamoja na maumivu ya viungo atumie parasetamoli na kunywa maji mengi, aache aspirini, ibuprofeni na diklofenaki mpaka apimwe na dengue iondolewe shaka.

Nawaomba wanaoandika vikaratasi vya dawa waliondoe neno uvimbe na kuweka mchochota, na chini yake waeleze kwa sentensi moja kwamba dawa hii haitibu miguu iliyojaa maji. Nawe msomaji, ukifika kaunta ya duka la dawa, taja presha yako, figo zako, tumbo lako na dawa zote unazomeza, ndipo utaje goti.