Hijabu ya Nairobi na Kabati la Vienna

Wasee, mnakumbuka ile stori ya Kenya Open, Aprili 2023? Mchezaji mgeni wa chesi ametokea sehemu ya wanawake, amejifunika buibui na niqabu, miwani juu, jina ameandikisha Millicent Awuor. Haongei na mtu. Anakaa, anacheza, anashinda. Akamgonga hata Gloria Jumba, aliyewahi kuwa bingwa wa Kenya. Waamuzi wakaanza kushuku: mtu hajawahi kuonekana kwa mashindano yoyote, halafu anapiga wakali hivi? Na mbona viatu ni vya kiume? Wakamwita kando. Kumbe ni mwanaume, mwanafunzi wa chuo, miaka 25. Alikubali, akasema ni shida ya pesa.

Tulicheka mpaka bando zikaisha. Lakini hii mbinu ni ya kitambo sana. Mwaka 1770, Wolfgang von Kempelen alipeleka mashine mbele ya Maria Theresa huko Vienna: sanamu ya mwanaume wa kilemba, imekaa nyuma ya kabati, eti inacheza chesi yenyewe. Ilizunguka Ulaya na Marekani miaka mingi. Mwaka 1809 ikamshinda Napoleon! Siri? Ndani ya kabati kulikuwa na binadamu amejikunja na mshumaa wake. Iliishia kuungua Philadelphia, 1854.

Ona pia kitu kimoja. Kempelen alivisha sanamu yake kilemba cha Kituruki, huyu wetu akachukua niqabu. Wote wamekopa nguo za Waislamu kujificha. Sasa dada anayevaa hivyo kwa imani yake akienda mashindano, si ataangaliwa viatu kwanza?

Hapo ndipo nakataa kucheka tu. Presha ya pesa naijua, mimi mwenyewe niliacha chuo karo iliponilemea. Lakini ile zawadi ya karibu nusu milioni ilikuwa ya wanawake. Walioenda kuona mashine walipoteza kiingilio tu. Jumba alipoteza mechi, kwa bodi ambayo mpinzani hakufaa kuwa.

Na msiniulize kwa nini wanawake wana sehemu yao. Wamekuwa na ubingwa wao wa dunia tangu 1927, Vera Menchik akiwa wa kwanza. Njoo Kibugu jioni uone drafti ya vizibo vya soda hapo stejini. Wanaume wamezunguka bodi, kelele kibao. Msichana akisimama kuangalia, anaulizwa ametumwa dukani na nani.