Kifungu cha 66 na Ofisi ya Mchungaji

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa nyanda hizi za juu, mama alitujia ofisini mkono ukiwa umevimba. Alitoka Makambako kwa basi alfajiri, mtoto mgongoni. Tuliomba naye, tukamwita mzee wa kanisa, na jioni tukamsindikiza arudi kwa mumewe. Tuliamini tumeiokoa ndoa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamka neno polisi, wala neno sheria. Tunaandika haya kwa sababu historia inatuonyesha kwamba siku ile sheria ilikuwapo, na ilikuwapo zamani.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1, wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa Watanzania wa bara. Kabla ya hapo Mkristo, Mwislamu na aliyeoa kimila walikuwa kila mmoja na taratibu zake. Wapo waliopinga kwa nguvu, wakiona mamlaka ya mume yanaguswa. Hata hivyo Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971. Reli ya TAZARA, ambayo leo inapita Makambako, ilikuwa bado inajengwa.

Kifungu cha 66 cha sheria hiyo ni kifupi. Kinatangaza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Maneno hayo juu ya mila ni mazito, kwa maana huku kwetu wengi wamelelewa wakisikia kwamba mahari humpa mume fimbo. Kifungu hakikutaja adhabu, na huo ni udhaifu wake. Lakini Kanuni ya Adhabu inahesabu kumjeruhi mtu kuwa kosa la jinai, na cheti cha ndoa hakifuti kosa hilo. Tena kifungu cha 107 kinautaja ukatili miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini msimamo ule uliwafaa wengi waliomfuata. Mke anayeogopa kuondoka mikono mitupu ana sababu ya kuukumbuka.

Sheria ya 1971 ilitupa pia sisi watu wa kanisa nafasi. Anayeomba talaka hutakiwa kwanza kupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na jumuiya ya dini inaweza kuwa na baraza lililotambuliwa na Waziri. Hapa ndipo tulipokosea. Baraza hupatanisha, halina uwezo wa kumhukumu mtu aliyemvunja mwenzake mkono, wala kulifuta kosa lake. Sheria yenyewe inaruhusu kulipita baraza palipo na mazingira yasiyo ya kawaida yanayozuia usuluhishi. Sisi tuliufanya upatanisho kuwa ukuta mbele ya mlango wa mahakama.

Baadaye njia ziliongezeka. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, daktari huijaza, nayo huweza kuwa ushahidi mahakamani. Aliyeumizwa vibaya atibiwe kwanza.

Wapo watakaotuuliza: je, huku si kuvunja ndoa? Nabii Malaki, aliyekemea kuachana, alikemea pia udhalimu wa mume katika maneno yaleyale. Aliyeinua ngumi ndiye aliyelivunja agano. Anayekimbilia usalama hajalivunja. Msamaha ni kazi ya Mungu moyoni mwa aliyeumizwa, wala hatuwezi kumwamuru autoe huku damu haijakauka.

Basi mchungaji mwenzetu, uwe Njombe mjini au kijijini, mama akigonga mlango wako, mwulize kwanza kama yeye na watoto wana mahali salama pa kulala usiku huo. Msindikize hospitali na polisi, ukae naye kwenye benchi. Kisha mwombe Mungu pamoja naye. Yule wa Makambako hatukumwona tena kanisani, na ukimya wake umetufundisha kuliko vitabu vyetu vya chuoni.