Mpaka wa Ras Kamboni na Mlango wa Chuo Kikuu

Ndugu wasikilizaji wa majeshi na polisi, wengi wenu mnaijua Ras Kamboni katika ramani za kijeshi. Ndiyo ncha ya kusini kabisa ya pwani ya Somalia, inayopakana na Kiunga ya Kenya. Leo tunaitazama kwa jambo jingine: ni nani huhesabiwa mwanafunzi wa nyumbani katika chuo kikuu, na ni nani huitwa mgeni.

Wabajuni wa pande zote mbili za mpaka huo ni watu wamoja. Tarehe 29 Juni 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayu, kama fidia ya kuingia kwake katika Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Waingereza. Wavuvi wa pwani hawakuulizwa. Wakati huo Makerere ilikuwa na umri wa miaka 3 tu. Tangu siku hiyo mtoto wa Kiunga alielekezwa Makerere na Nairobi, na binamu yake wa Ras Kamboni akaelekezwa Mogadishu na Roma.

Njia ya huyu wa pili ilikuwa ndefu. Nyumbani alisema Kibajuni, ambacho ni Kiswahili. Kwa mwalimu wa Kurani alikuta Kiarabu. Shuleni alikuta Kisomali, kilichopewa rasmi herufi za Kilatini mnamo Oktoba 1972. Na kama alijaliwa kufika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, kilichoanzia katika taasisi ya 1954 na kupata hadhi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta mihadhara mingi ikitolewa kwa Kiitalia. Mzigo huo haukuwa mwepesi kwa Msomali yeyote, lakini kwa Mbajuni ulikuwa mzito zaidi. Waliopelekwa Moscow nao waliona mlango huo ukifungwa Novemba 1977, Somalia ilipovunja mkataba wake na Urusi ya Kisoviet.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mganda alisomea uhandisi Nairobi, Mkenya sheria Dar es Salaam, Mtanzania udaktari Makerere, na hakuna aliyeitwa mgeni. Chuo hicho kikagawanywa, kila nchi ikachukua chake. Tunaona kwamba hasara ya mgawanyo huo ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa siku zile.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipoanguka, chuo kikuu chake kilifungwa. Hapo mwendo wa wanafunzi ukabadilika. Awali serikali ndiyo iliyochagua, ikapeleka na ikangojea warudi. Sasa kila ukoo ulijitafutia karo na kumpeleka kijana wake Nairobi, Kampala au Khartoum, mpaka vita vya Sudan vya 2023 vilipowatawanya waliokuwa huko. Ndani ya nchi watu binafsi walifungua vyuo, Benadir mwaka 2002 na Kismayu mwaka 2005. Kile cha taifa kilifunguliwa tena 2014.

Jambo hili linawahusu ninyi moja kwa moja. Tarehe 3 Desemba 2009 bomu lililipuliwa Mogadishu katika mahafali ya madaktari wa Benadir, likawaua wahitimu na mawaziri, akiwemo wa elimu ya juu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na askari ndani ya ua wake.

Mnamo Machi 2024 Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wakuu wake walikwisha itangaza, mwaka 2017, kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa maandishi hayo, kijana wa Ras Kamboni aendaye Nairobi si mgeni tena. Lakini karo hupangwa na chuo chenyewe, na ni katika risiti ya karo atakamojua anahesabiwa wa wapi.