Reki ya nyasi (Nachingwea na Ruangwa)

Reki ya nyasi ni zana ya meno inayotumika kukokota nyasi zilizokatwa na kukauka, kuzilaza katika misafa au kuzirundika, kabla hazijafungwa marobota na kuwekwa akiba ya hei, yaani malisho makavu ya kiangazi. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, reki inajulikana zaidi kwa kazi nyingine: kusafisha majani chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Mkulima mdogo wa huko hanunui reki mbili. Anatafuta moja itakayofaa pote pawili, na hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia.

Hei yenyewe si mazoea ya zamani kusini. Misitu ya miombo yenye mbung'o iliwaweka ng'ombe mbali kwa miaka mingi, na mifugo mikubwa iliongezeka hasa kuanzia 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na wengi wao kuelekezwa Lindi. Hao huhama na mifugo yao kufuata malisho. Reki haiwahusu sana. Inamhusu mwenye ng'ombe wawili watatu au mbuzi wa zizini. Mvua huko ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, kisha kiangazi cha miezi mitano au zaidi. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani kilo 6 za majani makavu kwa siku, kwa hiyo siku 150 zinataka kilo 900 kwa kila mmoja. Kwa sanduku la mbao la kushindilia lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, robota moja huwa na kilo 15 hadi 20. Ni marobota kama 50 hivi. Mzigo huo mikono miwili inauweza, mradi kazi isicheleweshwe.

Kuchelewa ndiko kunakowaponza wengi. Nyasi huwa na lishe nzuri zinapoanza kutoa maua, wakati mvua bado zinanyesha. Zikisubiriwa mpaka Juni zinakuwa mabua, nzuri kwa kuezekea kuliko kulisha. Katikati hapo, Mei, ufuta nao unadai kukatwa na kusimamishwa mafungu kabla vitumba havijapasuka, na hakuna mwenye akili atakayeacha ufuta ukapukutika shambani kwa sababu ya nyasi. Basi hei hupata siku chache za kuibia, na reki nzito huzila siku hizo. Kuna na suala la fedha: malipo ya korosho zinazouzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na chama chao kikuu, RUNALI, huanza kupatikana mwishoni mwa mwaka, ilhali nyasi hukatwa miezi kadhaa baadaye. Anayengoja Aprili ndipo anunue zana huukuta mfuko mtupu.

Reki za kukokotwa na trekta zipo za aina kadhaa. Iliyo rahisi zaidi ni ya magurudumu ya vidole, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Lely ya Uholanzi mwaka 1948. Haina giabox wala haizungushwi na injini ya trekta. Magurudumu huzungushwa na ardhi yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo huokota udongo na kokoto, na ikikuta kisiki vidole hupinda. Mashamba ya Nachingwea yaliyofyekwa kutoka miombo yana visiki vingi, na eneo hilo limeshaona mashine zilizoagizwa kabla ardhi haijajulikana: Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta hata matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita, pamoja na reli kutoka Mtwara iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa shamba la eka mbili tatu, reki ya trekta ni fedha iliyolala bandani.

Zinabaki za mkono. Reki ya chuma ya dukani, yenye meno mafupi yaliyopinda, imetengenezwa kwa kusawazisha matuta ya bustani. Kwenye nyasi hukwaruza ardhi, na hei yenye mchanga ng'ombe huikataa. Ile ya nyaya iliyotanuka kama kipepeo hufagia majani ya mkorosho vizuri mno lakini hulegea mbele ya nyasi nzito. Inayofaa pote pawili ni ya mbao: kichwa cha sentimita 70, vigingi 12 hadi 14 vya sentimita 10 vilivyoachana kama vidole vitatu, na mpini wa mwanzi unaomfika mtumiaji sikioni akiwa wima. Mpini mfupi hulipwa kwa mgongo.

Seremala anayejua kazi hutumia mninga kwa kichwa, kwa kuwa hautanuki wala kusinyaa sana, na vigingi vya mti mgumu vilivyokaushwa vyema kuliko kichwa. Kichwa kinapoendelea kukauka hukibana kigingi bila gundi wala msumari. Kabla ya kulipa, mnunuzi huitua reki sakafuni na kushika mpini kama anayekokota: vigingi vyote viguse kwa ncha. Jaribio kali zaidi ni majani ya karanga, ambayo ni chakula bora kuliko nyasi lakini jua likipanda hupukutika na kubaki vijiti. Hukokotwa alfajiri, umande ukingalipo, kwa mkono mwepesi.

Kigingi kikivunjika, hutolewa na kuchongwa kingine papo hapo chini ya mkorosho. Reki ya chuma ikikatika shingo hupelekwa mjini kwa mchomeleaji, na ikirudi nyasi zimeshanyeshewa.