Kutoka Malakisi hadi Ngome ya Lamu

Jela ilifika Mundika, magharibi mwa Kenya ya leo, pamoja na bendera ya Waingereza. Kabla ya hapo, kwa Wakhayo na majirani zao Wateso, mwizi alihukumiwa na wazee akalipa ng'ombe au mbuzi. Hapakuwa na nyumba ya kufungia watu.

Mwaka 1895 Mwingereza C. W. Hobley alianza kutawala kutoka boma la Mumias. Wakati huo eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ni tarehe 1 Aprili 1902 lilipomegwa na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye, Wasamia na Wateso wakabaki wamegawanywa na mpaka. Kodi ya nyumba nayo iliingia, na aliyeshindwa kuilipa aliweza kujikuta nyuma ya kufuli. Kuanzia 1925 ziliwekwa kambi za vizuizi za wakosaji wadogo wa aina hiyo, ili wasichanganywe na wahalifu sugu. Mle namo kazi ilikuwa ya sulubu. Katika magereza, hata sahani ilifuata rangi: Mzungu alikuwa na posho yake ya chakula, Mhindi yake, Mwafrika yake. Na kiboko kilikuwepo. Kenya ilikuja kufuta adhabu hiyo mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Hata hivyo, silaha kali kuliko kiboko ilikuwa umbali.

Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mwanasoka aliyechezea Kenya kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, dini ya Wabukusu iliyopinga ukoloni. Mwaka 1944 alipinga amri ya kung'oa magugu shambani, na serikali ikamfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mtu anayekataa amri akaitwa mwendawazimu! Alipoachiwa mwaka 1947, aliwakusanya wafuasi Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, si mbali na Malaba, polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini, wakaua watu 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao hata kwa mruko wa ndege, kwenye kisiwa ambako Kibukusu hakikuwa lugha ya wenyeji. Hakurudi mpaka uhuru ulipokaribia.

Lamu ulikuwa mji uliozoea wafungwa. Ngome yake, iliyokamilika mwaka 1821 baada ya vita vya Shela, Waingereza waliigeuza jela mwaka 1910. Huko Mombasa, Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Neno gereza lenyewe latokana na igreja, kanisa kwa Kireno: Wareno walikuwa na kanisa ndani ya Fort Jesus, na wenyeji wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Nyumba ya sala ikawapa Waswahili jina la nyumba ya minyororo.

Uhuru haukuifunga jela ya Lamu. Iliendelea hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, na leo watu huingia humo kutazama maonyesho. Masinde naye alitiwa ndani tena, safari hii na serikali ya Kenya huru. Alifariki mwaka 1987, miaka mitatu baada ya wafungwa kuondolewa katika ngome ile.