Mtani Asiye na Zamu: Makabila, Rangi na Nyota katika Vichekesho vya Runinga

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Tangu hapo dola ikataka tuhesabiwe kama wananchi tu. Vichekesho havikukubali. Ndani yake Mmasai ameendelea kulinda geti, Mchaga kupigia hesabu kila senti, Mhindi kukaa nyuma ya kaunta akikivuruga Kiswahili, na mtu wa bara kupotea Kariakoo akiwa na mzigo kichwani. Vicheko hivyo vina historia ndefu, na historia hiyo ina kipimo chake: mzaha juu ya kabila ni halali pale anayetaniwa anapokuwa na zamu ya kujibu.

Wazee wetu walikijua kipimo hicho. Msukuma na Mnyamwezi ni watani wa Mzaramo, kwa ukaribu uliojengwa na misafara ya kwenda na kurudi pwani. Mngoni na Mhehe walipigana kwanza, wakaja kutaniana baadaye. Mtani alikuja msibani akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, akachukua kitu cha nyumba asikamatwe, na huyohuyo ndiye aliyeshika jembe kaburini. Ukimcheka leo, kesho atakucheka yeye, tena kwenye matanga yako. Usawa huo ndio ulioufanya utani usiwe matusi.

Jiji la Dar es Salaam lilijengwa kinyume cha usawa huo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, walilikata kwa kanda, na wenyeji wakazipa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uswahilini ilitanuka kutoka Kariakoo na Ilala hadi Magomeni, Temeke na Kinondoni. Katika nyumba za huko, zenye korido moja na vyumba sita, Mmakonde, Mluguru, Mngoni na Mnyakyusa walipika uani pamoja na kutaniana kila siku. Mhindi walikutana naye dukani tu, na Mzungu kazini. Wale wa uani wakawa watani. Wale wa ng'ambo ya kaunta wakabaki sura, na sura haijibu.

Jukwaa lilirithi mpasuko huo. Wanazuoni wa sanaa za maonyesho wameeleza jinsi vichekesho vilivyostawi mashuleni wakati wa ukoloni, huku anayechekwa zaidi akiwa Mwafrika wa kijijini asiyezijua desturi za kizungu. Baada ya uhuru, vikundi kama Muungano na baadaye TOT vilichanganya vichekesho na ngoma, taarabu na sarakasi katika kumbi za baa. Redioni, Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliwachekesha watu kwa ujanja wa mjini, hila ambayo mtu wa kabila lolote angeweza kuifanya au kufanyiwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele, kwa kuwa kilichochekwa kilikuwa tabia, na tabia hubadilika.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vya ITV na DTV vilipoanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa majukwaani akiwashambulia Wahindi kwa kuwaita “magabacholi”, na hasira dhidi ya maduka ya Wahindi ilimwagika hadi mitaani. Kwa hiyo runinga yetu ilizaliwa katika muongo uliojaa kinyongo cha rangi. Kikundi cha Kaole kilipojaza sebule na vibanda umiza vya Manzese na Tandika, kiliibua kizazi kizima cha waigizaji, akiwemo Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga. Hata hivyo, katika maigizo ya zama hizo Mhindi aliendelea kuigizwa na Mwafrika, na kazi yake ilikuwa lafudhi na ubahili basi.

Mmasai alikuja kwa njia nyingine. Mifugo na malisho vilipopungua, kuanzia miaka ya 1990 vijana wengi wa Kimasai walihamia jijini kulinda nyumba na kusuka nywele. Waandishi wa vichekesho waliwaona getini, wakawaandika getini. Mtu aliyeacha boma, akajifunza jiji zima kwa miguu na kutuma fedha nyumbani, akageuzwa mshangaa taa.

Zipo pia nyakati ambapo kipimo kilitimia. Katika Mizengwe ya ITV, Hemed Maliyaga alijulikana kwa jina la Mkwere, na Watanzania walimcheka Mkwere wa runingani katika miaka ambayo Mkwere mwingine, Jakaya Kikwete, alikuwa Ikulu. Hapo anayetaniwa hakuwa mnyonge. Ze Comedy, iliyoanza EATV na baadaye kuwa Orijino Komedi TBC1, iliwaiga wanasiasa na wanamuziki, watu wenye vipaza sauti vyao wenyewe.

Ndipo tunapofika kwa nyota waalikwa. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilimleta TID kutoka Bongo Fleva. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, akaingia kwenye filamu pamoja na Kanumba. King Majuto wa Tanga akawa mtu ambaye kumshirikisha kulitosha kuuza kazi. Katika vichekesho nyota huingia kwa jina lake, hushangiliwa, huachiwa mstari mzuri kuliko yote. Mlinzi aliyemfungulia geti anaitwa “Masai” tangu mwanzo hadi mwisho.

Majirani, na hata watu wa mbali, wanatuonyesha njia nyingine. Katika Vitimbi ya Kenya, Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza kwa miaka mingi kama Mzee Ojwang, Mjaluo, akapendwa nchi nzima hadi kifo chake mwaka 2015. Lafudhi aliiga, lakini Ojwang alikuwa na mke, kaya, hasira na busara: alikuwa mtu kamili. Marekani, Amos 'n' Andy ilianza redioni mwaka 1928 kwa sauti za Wazungu wawili waliojifanya Weusi. Ilipoingia kwenye televisheni mwaka 1951, ikiwa na waigizaji Weusi, chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliipinga. Mwaka 1972 Sammy Davis Jr. alialikwa katika kichekesho cha runinga All in the Family, akaketi sebuleni kwa Archie Bunker, mbaguzi asiyeficha, na wakati wa kupigwa picha akambusu shavuni. Nyota alikuwa Mweusi, na zamu ilikuwa yake.

Waandishi wetu wanaweza kuigawa zamu hiyo leo. Mlinzi wa Kimasai apewe jina, nyumba huko Mbagala, na kisa ambacho ndani yake yeye ndiye mjanja. Mhindi aigizwe na Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, naye aachiwe amtanie mteja anayekopa bila kulipa. Nyota anapoalikwa, mstari mzuri wapewe wote wawili, yeye na aliyemfungulia geti. Watazamaji wa Kinondoni na Temeke wamelelewa katika utani. Wanaijua ladha ya jibu zuri, na wanastahili kulisikia likitoka kwa kila mtu.