Dainamo, Koili na Usiku wa Machimboni

Ukitaka kuandika historia ya pikipiki Usukumani, usianze na pikipiki. Anza na baiskeli. Kabla bodaboda haijatawala, Shinyanga ilikuwa mji wa baiskeli: ilibeba pamba, ikabeba maji, ikabeba bibi harusi, na ilipobeba abiria wa kulipa watu waliiita daladala. Mwenye Swala au Phoenix ya heshima alifunga dainamo, kile kichupa kinachosuguana na tairi. Ukikanyaga kwa nguvu, taa inang'aa. Ukifika kilimani mwendo ukipungua, inafifia. Ukisimama, giza totoro. Hakuna betri, mwanga ni jasho lako mwenyewe.

Tulishike hilo, msomaji wangu. Fundi anayefungua ubavu wa injini leo pale Kahama au Katoro bado anapambana na tatizo lilelile la dainamo: umeme unategemea mwendo, lakini mtu anahitaji mwanga hata akiwa amesimama.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831: sumaku ikitembea karibu na waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Hata hivyo pikipiki za mwanzo hazikuitumia kwa taa. Ziliwasha gesi ya kabaidi, gesi ileile iliyowaka kwenye kofia za wachimba migodi. Yaani mwendesha pikipiki na mchimbaji walishaonana gizani zamani, kabla Geita haijawa na bodaboda hata moja.

Pikipiki zilizofika kwetu vijijini zilikuwa za kazi na za wakubwa: za mapadri, za mabwana shamba, za maofisa wa ushirika wa pamba. Yamaha DT, Honda XL, Suzuki TF. Kwa wakati wake zilikuwa moto wa kuotea mbali. DT ya viharusi viwili ikivuta kwenye mchanga, vijana walisimama kuitazama. Lakini nyingi za enzi hizo zilikuwa na umeme wa volti 6, na taa yake ya mbele haikuishinda sana chemli.

Halafu ukaja ukata. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na mpaka serikali ilipolegeza uagizaji wa bidhaa mwaka 1984, kupata spea halali ilikuwa kazi kwelikweli. Koili ikiungua, huwezi kuagiza nyingine. Unaisuka. Anayejua kusuka mota ya mashine ya kusaga anajua kuhesabu mizunguko ya waya wa shaba, na anayejua kuhesabu mizunguko anaweza kuibadili: aongeze hapa, apunguze pale, atumie waya mnene zaidi. Ukarabati unapofika hapo umeshakuwa ubunifu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Kilichobadilisha kila kitu ni dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, kisha ukanyamaza. Wachimbaji wadogo hawakunyamaza. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, lakini pembeni yake maisha ya maduara, makarasha na mialo yaliendelea. Na machimbo hayana saa ya kulala. Habari ya rashi ikitoka jioni, watu wanahama usiku huohuo. Huko hakuna basi. Kuna pikipiki.

Zilizojaza pengo hilo zilikuwa za Kichina, nyingi zikiwa na injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, mashine iliyobuniwa kuvumilia watu wasiobadilisha oili. Kanuni za 2010 zilipoitambua pikipiki kama chombo halali cha abiria, bodaboda ilikuwa tayari imeshaenea mitaani.

Sasa tuingie ndani ya injini, maana utamu uko hapo. Umeme wa magneto huenda mbele na kurudi nyuma. Kwenye pikipiki nyingi za aina hiyo, ncha moja ya koili imelehemiwa kwenye bodi. Sehemu ya umeme inakwenda taa ya mbele moja kwa moja, bila kupitia betri. Betri yenyewe inapewa nusu tu ya mawimbi, nusu nyingine haiifikii. Matokeo? Ukipunguza mafuta kwenye foleni ya ng'ombe, taa inafifia kama dainamo ya babu.

Dawa yake ni hii. Fundi anatoa sahani ya koili, anaachanisha ile ncha na bodi, anaipa waya wake na kuutoa nje. Ncha zote mbili sasa zinaingia kwenye rektifaya inayokamata mawimbi ya kwenda na ya kurudi. Koili ya plagi haiguswi. Taa zote zinahamishiwa kwenye betri. Ukipima na mita, waya za koili zisisome na bodi hata kidogo, na injini ikichangamka betri ionyeshe kama volti 14. Ikipita 15, asidi itachemka na betri itakufa mapema.

Hiyo haikuwa shida ya Usukumani peke yake. Wenye Suzuki GS za mwishoni mwa miaka ya 1970, pikipiki kubwa za kasi, waliteswa na koili za kuungua huko Ulaya na Marekani. Sumaku ya kudumu huwezi kuiambia ipunguze nguvu, kwa hiyo regureta za zamani ziliushotisha umeme wa ziada, na koili ikafanya kazi kwa nguvu zote muda wote. Wengi wakaja kufunga regureta zinazokata njia badala ya kushotisha. Tajiri wa huko na bodaboda wa Nyarugusu walikuwa wakiumiza kichwa juu ya kifaa kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja aliharibikiwa na mapumziko ya wikiendi, mwingine ameharibikiwa na chakula cha watoto.

Wala tusiwapambe mafundi kupita kiasi. Magneto ndogo ina mpaka wake. Ukifunga taa nne za LED, redio yenye spika na chaja ya simu, unakula kuliko unachozalisha, na asubuhi betri ni jiwe. Taa zisizoelekezwa vizuri zinampofusha anayekuja mbele yako, na barabara ya usiku yenye malori na punda haisamehe.

Kwa nini haya yaandikwe kwenye ukurasa wa fasihi? Kwa sababu ni suala la nani anaingia kwenye maandishi. David Edgerton, katika The Shock of the Old, alishasema kwamba historia ya teknolojia imependelea mvumbuzi na kumsahau mtumiaji na mkarabati. Joshua Grace, katika African Motors ya mwaka 2021, amewapa mafundi na madereva wa Tanzania nafasi yao, na kila anayependa historia yetu akisome. Lakini hicho ni kitabu cha magari zaidi, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Koili za Kanda ya Ziwa bado hazijapata mwandishi wake wa Kiswahili.

Na muda haupo. Pikipiki za umeme zimeshaingia Afrika Mashariki, na hizo hazina koili ya kuchajia. Unachomeka ukutani au unabadilishiwa betri, basi. Wazee waliosuka koili za volti 6 wanazidi kupungua. Mwenye simu na nusu saa amkalishe mmoja wao chini, amuulize alihesabu mizunguko mingapi, waya aliutoa wapi, na nani alimfundisha. Aandike majibu kama yalivyosemwa, na maneno yake ya gereji yabaki humohumo.